Milioni Moja na Moja

Harufu ya liwa lililokauka mwilini, ikichanganyika na mafuta ya nazi na moshi wa udi, hunibana kifua hadi leo. Wenzangu wakiisikia hukumbuka harusi na kuanza kutabasamu. Mimi hukumbuka chumba. Chumba chenyewe kilikuwa pembeni mwa nyumba yetu pale Zinga, ndani kidogo ukitoka barabara ya Dar, na kabla sijapewa mimi kilikuwa ghala la baba. Waliondoa majembe na baiskeli mbovu, wakaacha magunia ya korosho, maana hayakuwa na pa kwenda. Dirisha la mbao lilipigiliwa misumari, kisha likafunikwa kanga kwa ndani ili hata ule upenyo mdogo wa mwanga uzibwe. Ilikuwa kaskazi, joto la kutoa roho. Bati lilianza kulia tangu asubuhi, likijinyoosha kwa jua, na mimi nalala chini yake kwenye mkeka, nimepakwa liwa kuanzia utosini hadi nyayo, nanuka kama bibi harusi asiye na bwana. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na nilikuwa nimevunja ungo.

Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, naye huitwa mwali. Siku hizi wengi huifanya nusunusu, lakini mama yangu hakuwa mtu wa nusunusu. Mwali haonekani na wanaume. Hapazi sauti, hacheki kwa nguvu, haendi chooni bila kufunikwa kanga gubigubi na kushikwa mkono. Baba yake hamwoni kabisa, wala hasemi naye. Baba alipotaka kupita ukumbini alikohoa kwanza, kikohozi kikavu cha makusudi, ili kama mlango wangu uko wazi ufungwe. Nilikuwa kipenzi chake, mimi ndiye niliyembebea chaki na daftari za kusahihisha tangu sijaanza shule, na sasa nilichobaki nacho kwake ni kikohozi. Nilikichukia kikohozi kile kuliko joto.

Anayemtoa mwali ndani ni shangazi, yaani dada wa baba. Ngoma inaweza kupigwa, pilau ikaiva, watu wakajaa uani, lakini kama shangazi hajaingia chumbani kumshika mkono mwali wake, mwali hatoki. Na kwa sababu hiyo shangazi ndiye wa kwanza kupewa habari, kabla ya mwanamke yeyote wa nje. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Shangazi Zuhura aliishi Kiwangwa, kwenye mashamba yake ya mananasi, na simu yake ilishika pale tu alipopanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba. Mama alimpigia siku ile akapiga tena, hola. Mara akaingia Bi Tatu, jirani yetu, kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akamkuta mama amesimama na simu mkononi huku macho yamemlegea. Bi Tatu hakuhitaji kuambiwa. Alipiga kigelegele kilichosikika mpaka dukani, na jioni ile ile gari la kubeba mananasi likaenda Kiwangwa na habari zote, dereva mwenyewe akampa shangazi hongera.

Shangazi alipanda kichuguu chake akapiga simu. Nilimsikia kwa sababu mama aliweka sauti kubwa ili Bi Tatu awe shahidi. "Wifi," alisema, "mimi ni wa kuambiwa na dereva? Basi huyo aliyepiga kigelegele na amtoe yeye." Akakata. Mama akaapa kwamba hatamwangukia mtu miguu kwa kosa la mnara wa simu. Bi Tatu, ambaye mdomo wake ndio ulioleta balaa lote, akawa ndiye somo wangu, yaani mwanamke wa kunifunda na kunisinga, na kila jioni alinisugua mgongo huku akilaani jeuri ya watu wa Kiwangwa. Nilikuwa mateka wa wanawake wawili ambao kila mmoja alikuwa na haki, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka.

Haraka nilikuwa nayo mimi. Majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yalipotoka, langu lilikuwamo: shule ya bweni ya wasichana, mbali, yenye maabara, wazee walisema mtu hata ndoto yake haifiki huko. Niliisikia habari hiyo kupitia ukutani, baba akimwambia mama kwa sauti ya furaha aliyoshindwa kuishusha. Kisha nikasikia sehemu ya pili. Shule zinafunguliwa Januari, na asiyeripoti kwa wakati nafasi yake anapewa mwingine. Mama akajibu, "Basi dada yako aje." Baba akasema, "Nitaongea naye." Siku zikapita, hakuongea naye. Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu wa kuogopwa, wanafunzi walimwona kona ile wakageukia hii, lakini mbele ya dada yake mkubwa alikuwa mtoto wa kutumwa maji. Nilijua hataongea naye. Nililala kifudifudi kwenye mkeka nikalia, bila sauti, maana hata kulia kwa mwali kuna kiasi chake.

Kila alasiri baba alifundisha tuisheni ubavuni mwa nyumba, kwenye kivuli cha paa, karibu kabisa na dirisha langu lililopigiliwa. Ningeweza kunyoosha mkono nikamgusa bega kama si mbao zile. Alikuwa na desturi yake ya kumalizia kipindi: aliwatajia wanafunzi namba moja, na aliyepata kigawo chake, yaani namba inayoigawa bila kubakiza kitu, ndiye aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kwanza. Mimi nilizoea kuondoka wa kwanza kila mara, ingawa nyumbani kwangu ni pale pale. Siku moja akasema, "Milioni moja na moja." Wakajaribu mbili, wakajaribu tatu, wakajaribu tano, wakaanza kunung'unika. Akawaacha waende bila jibu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kesho yake akawatajia ile ile. Na keshokutwa. Watoto wa watu wakachoka nayo, wakawa wanakusanya daftari zao akiwa bado hajamaliza kuitamka. Nami ndani nikawaza: wao wanaweza kuichoka, wana kwa kwenda.

Nilichukua mkaa uliozimika kwenye chetezo, nikafunua kanga iliyotundikwa kichwani pa mkeka wangu, nikaiandika ukutani kwenye chokaa. Moja, sufuri tano, moja. Ukiisoma kuanzia kulia au kushoto ni ile ile. Niliitazama nikaona zile sufuri zimekaa katikati hazina thamani yoyote, na moja amesimama kila upande amezuia njia. Sikuipenda hata kidogo. Nikaanza kuigawa kwa hasira. Mbili hapana, inaishia na moja. Tano hapana, kwa sababu ile ile. Tatu ina njia yake ya mkato: unajumlisha tarakimu, na jumla ikigawanyika kwa tatu basi namba nzima inagawanyika. Moja na moja ni mbili. Haigawanyiki, inabaki mbili. Tisa, inabaki mbili. Saba nikaigawa kwa njia ndefu, nikishusha sufuri moja baada ya nyingine, mwisho ikabaki mbili. Kumi na moja, mbili. Kumi na tatu, ambayo niliiogopa tangu darasa la tano, mbili. Nikahisi kuna mtu ananichezea shere. Nilifuta nikarudia nikidhani joto limenitia wazimu, nikapata mbili zile zile.

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilikaa kitako pale kwenye giza nikasahau hata jasho. Shuka hatua mbili chini ya milioni moja na moja unafika kwenye laki tisa, tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa: tisa sita zimepangwa mstari. Namba hiyo ya tisa tupu ni mkarimu ajabu. Inagawanyika kwa tatu, kwa saba, kwa tisa, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, hata kwa thelathini na saba, nayo haibakizi kitu. Basi wote wanaoingia sawasawa katika ile ya tisa lazima wakifika kwenye yangu wabakize zile hatua mbili. Hakukuwa na uchawi. Jirani yake alikuwa na milango pande zote, na yeye, kwa kuzidi hatua mbili tu, akafungiwa yote. Nilimwonea huruma. Ndiyo, namba, nikaionea huruma.

Nikaendelea. Kumi na saba inabaki kumi, kumi na tisa inabaki kumi na mbili, ishirini na tatu inabaki saba. Baba alitufundisha kwamba huna haja ya kujaribu namba zote. Zile ambazo zenyewe zinagawanyika unaziruka, na unaacha pale kigawo kikijizidisha chenyewe kinapoipita namba yako. Elfu mara elfu ni milioni. Maana yake nilitakiwa kwenda hadi elfu moja kabla sijasema kwa haki kwamba haigawanyiki. Shuleni namba isiyogawanyika huitwa namba tasa, na neno hilo sikuthubutu kulitamka hata kwa kunong'ona mle ndani, mbele ya Bi Tatu aliyekuwa akiniombea watoto kila anaponifunga kanga. Siku zilikwenda hivyo. Asubuhi nilisikiliza mafunzo ya heshima na unyumba, kichwa nikikitikisa panapostahili, na akiondoka nilirudi ukutani. Nikamaliza zote zilizo chini ya mia. Tisini na saba, ya mwisho, ikabaki ishirini na nane. Kumbe nami nilikuwa nimeanza kuamini kwamba siku nitakapoifungua namba ile nami nitafunguliwa, upuuzi wa mtu aliyekosa upepo, na ile tisini na saba iliposhindwa nililala siku mbili bila kugusa mkaa. Kwenye ukuta wa pili nilimsikia mama akimwambia baba kwamba shule zimeshafunguliwa.

Alasiri moja, baba akiwa nje na watoto wake wa tuisheni, niliinuka nikajaribu mia moja na moja. Sikuwa na tumaini nayo, niliichukua kwa kuwa ndiyo iliyofuata. Elfu moja ukigawa kwa mia na moja ni tisa, inabaki tisini na moja. Nikashusha sufuri, ikawa mia tisa na kumi: tisa tena, ikabaki moja. Nikashusha sufuri nyingine, kumi, haitoshi. Imebaki tarakimu moja tu, ile moja ya mwisho kabisa. Nikaishusha, nikaiandika pembeni ya kumi, na pale ukutani ikasimama mia moja na moja yenyewe. Inaingia mara moja. Haibaki kitu. Milioni moja na moja ni mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. Nikacheka. Sikuamua kucheka, kicheko kilinitoka chenyewe, kikubwa, cha kutoka tumboni, cha wiki zote zile, na nilipojaribu kukizuia kwa mkono kikazidi.

Nje sauti ya baba ilikatika. Mlango ukafunguka, mama na Bi Tatu wakaingia wakisukumana, Bi Tatu ana tochi. Nawaelewa walichokiona. Binti aliyenyamaza wiki nzima anacheka peke yake gizani, uso una liwa na masizi, mikono myeusi hadi viwiko, na ukuta nyuma yake umejaa alama za mkaa kuanzia sakafuni hadi pale mkono wake ulipofika, mbili, mbili, mbili kila mahali. Mama alijishika kichwa. "Mwanangu kapandisha," alisema. Bi Tatu alikuwa ameshaanza Ayatul Kursiyu. Nilijaribu kusema, "Mama, ni hesabu, nimepata mia na moja," lakini nilikuwa bado nahema kwa kicheko na machozi yananitoka, na maneno yale hayakusaidia. Bi Tatu akapiga magoti mbele yangu, akanitazama kwa adabu ambayo hajawahi kunionyesha, akazungumza na aliyedhani yumo ndani yangu. "Assalaam aleikum, mgeni wetu. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Unataka nini kwa mtoto huyu?"

Wiki zote zile nilisingwa, nililishwa, nilifundwa, nilifunikwa na kufunuliwa, na hakuna aliyeniuliza nataka nini. Walipodhani si mimi, ndipo wakauliza. Kicheko kilikauka. Nikamwangalia Bi Tatu nikasema polepole, "Nataka kwenda shule."

"Anataka shule," Bi Tatu alimwambia mama.

"Shule gani tena?" mama aliuliza, sauti imekuwa nyembamba.

"Usimbishie. Anachotaka apewe."

Mama alitoka mbio hadi ubavuni mwa nyumba. Wanafunzi walikuwa wametawanyika, wengine wameacha kandambili. Nilimsikia kupitia zile mbao akimweleza baba, akilia, na baba akamuuliza nimeandika nini ukutani. "Namba," mama alisema. "Moja, halafu sufuri nyingi, halafu moja. Na mbili, mbili tupu." Nikasogea nikaweka sikio dirishani. Nilijua sasa atacheka. Zinga nzima ni yeye peke yake aliyeweza kusema, jamani, ni swali langu mwenyewe, mtoto kapata jibu. Nilisubiri. Kisha baba akasema, "Mpigieni dada. Hilo ni jambo la ukoo." Jamani. Sijawahi kuumizwa namna ile. Niliondoka pale dirishani, nikakaa juu ya gunia la korosho, nikajiambia kwamba hata yeye.

Shangazi Zuhura, aliyekataa kuja kwa ngoma, alikuja kwa jini. Asubuhi iliyofuata alishuka kwenye pikipiki, matope ya shambani miguuni, akampita mama bila salamu, akaingia moja kwa moja chumbani. Aliutazama ukuta kwa muda. Hakujua kusoma, na nadhani ndiyo maana aliutazama vile, kwa heshima. Akamuuliza Bi Tatu huyo mgeni amesema anataka nini, akaambiwa. Alikaa chini pale pale kwenye mkeka wangu akalia kwa sauti. Mama yao, yaani bibi yangu ambaye sikumwona, alitamani kusoma tangu msichana, akakatazwa, na hadi anakufa alikuwa akiongelea habari hiyo. "Ni mama huyu," shangazi alisema. "Mama amerudi kutafuta shule yake." Mama yangu alimkumbatia, wakalia pamoja, na ugomvi wa mnara wa simu ukaishia hapo hapo bila mtu kuomba radhi. Nilishikwa mkono, nikatolewa. Jua lilinichoma macho hata sikumwona baba amesimama wapi. Ngoma ilipigwa haraka, watu wachache, na baada ya siku chache nikaripoti shuleni kwa kuchelewa, na nafasi yangu nikaikuta.

Sasa nina duka la dawa Bagamoyo mjini na binti wa umri ule. Alipovunja ungo alikaa ndani Ijumaa hadi Jumapili, dirisha wazi, feni inazunguka, na kilio chake kikubwa kilikuwa bando kuisha. Nilimtajia namba yangu, akaiuliza simu, simu ikampa vigawo vyote viwili kabla sijakaa. Akaniambia, "Ni hivyo tu, mama?" Nikamwambia ni hivyo tu. Simwonei kijicho, namshukuru Mungu. Ila niliona kwamba hana namna ya kujua namba inaweza kumkaa mtu akiwa hana kingine cha kushika, na sikuona sababu ya kumfundisha.

Wiki ile ile baba alikuja kumtazama mjukuu wake. Amezeeka, anasikia kwa shida, lakini akili yake nzima. Nilimuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza, kama siku ile alijua. "Nilijua mama yako hajamaliza kusema," alijibu. "Ile namba niliitaja kila siku kwa ajili ya nani? Wale watoto hawakuiweza." Nikamuuliza mbona basi hakunitetea, mbona aliniacha niitwe mwenye jini hadi leo. Alijifuta uso kwa mkono. "Ningesema kweli," alisema, "ungeonekana mzima, na ungebaki ndani. Kumwendea dada sikuweza. Nilimwogopa." Nilikaa nikimtazama, sijui kama nimshike mkono au nimgombeze. Aliniachia namba, akaniachia uongo, na kati ya hivyo viwili nikapata maisha yangu. Lakini ule mlango haukuwa hata na kufuli.

Hapo shangazi Zuhura akatoka chumbani akijikongoja. Anaishi kwangu tangu macho yalipofifia. Tangu siku aliyonitoa ndani hajawahi kuniita jina langu, na mimi na baba hatukuwahi kumsahihisha. Alipapasa hadi kwenye kiti changu, akainama, bibi wa mvi kichwa kizima.

"Shikamoo, mama," alisema.

Baba akatazama chini. Nikaweka mkono juu ya kichwa cha shangazi yangu.

"Marahaba, mwanangu."